Kikohozi si nguzo ya Hija

Kila msimu nayasikia maneno haya, tena yanasemwa na watu wazima wenye heshima zao: "Alhaji asiyerudi na kikohozi hajafika Makka." Watu wanacheka, na msemaji mwenyewe anacheka huku anakohoa. Mimi sicheki. Mimi ndiye ninayelala na akina mama hemani Mina, kambi ya mahujaji karibu na Makka, na ninajua kikohozi hicho kinavyoanza kwa mmoja, kinavyohama godoro hadi godoro, mpaka kimfikie bibi wa miaka sabini aliyeuza kipande cha shamba la minazi ili asimame Arafa, uwanja wa dua ambao ndio kilele cha Hija. Siku ya Arafa ikifika, hana nguvu ya kuinua mikono aombe dua.

Nilikuwa muuguzi Tanga mpaka nikastaafu. Tangu hapo kikundi chetu kikisafiri huniomba niandamane na akina mama, niwashikie dawa zao za presha na sukari, niwahesabu kwenye basi, nigombane na wasiokunywa maji. Wananiita Mama Nesi, hata wale walionizidi umri. Kwenye semina za mahujaji masheikh huchukua muda wao kueleza manasiki, yaani taratibu za ibada ya Hija, na ni haki yao. Afya huachiwa dakika za mwisho, watu wameshachoka na harufu ya pilau imeingia ukumbini. Kwa hiyo ninayokosa kuyasema pale, nayaandika hapa.

Tuelewane kwanza. Mafua ya kawaida huja taratibu: koo linakereketa, pua inatiririka, unapiga chafya na shughuli zinaendelea. Influenza, homa kali ya mafua, haibishi hodi. Adhuhuri umeswali ukiwa mzima, alasiri umejikunyata chini ya blanketi, viungo vinauma mpaka mizizi ya nywele, homa juu, kikohozi kikavu. Virusi vyake hukaa mwilini siku moja hadi nne kabla hujajisikia chochote, mara nyingi siku mbili, na mgonjwa huanza kuambukiza kama siku moja kabla ya dalili kutokea. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mimi namkwepa anayekohoa, basi," namwambia hiyo ni nusu ya kazi. Aliyekuambukiza jana mlikula naye sinia moja akiwa mzima kabisa.

Kwetu pwani lawama yote hubebeshwa AC na maji ya baridi. AC hukausha pua na koo, sikatai, na kutoka kwenye jua la Makka kuingia chumba kilichopoa kunachosha mwili. Ila baridi haizai virusi. Virusi vinatoka kwa mtu, kwa pumzi, kwa chafya, kwa mkono uliofutia pua kisha ukashika kitasa. Maji ya Zamzam ya baridi pale Msikitini hayana kosa. Mapipa yapo ya baridi na yapo yasiyopozwa, na wazee wetu hukimbilia yasiyopozwa wakidhani wameshajikinga. Wakati huohuo hawaangalii vikombe. Upande mmoja wa pipa kuna vikombe visafi, upande wa pili vilivyokwisha kutumika, na katika msongamano mkono unachukua kilicho karibu. Nimemshika mtu mkono nikamwambia, "Baba, hicho kimeshanywewa," akaniangalia kana kwamba nimemnyima baraka. Chukua kikombe safi, unywe maji unayoyataka wewe.

Sasa Mina, maana huko ndiko vita vilipo. Mahema ya siku hizi si yale ya zamani: baada ya moto mkubwa wa mwaka 1997 yalijengwa ya kitambaa kisichoshika moto, na yana viyoyozi. Ni mazuri. Lakini ni chumba kilichofungwa, watu wamepangwa bega kwa bega, na kati ya godoro na godoro hupitishi hata mguu bila kumkanyaga mtu kanga yake. Mnaingia tarehe 8 ya Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, mnakwenda Arafa na Muzdalifa, mnarudi palepale mpaka tarehe 12 au 13. Mmoja akiingia na influenza hapo, hesabu mwenyewe.

Siwezi kupanua hema. Ninachoweza ni kupanga vichwa. Nikifika tu, kabla mabegi hayajafunguliwa, nawalaza mzungu wa nne: kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, safu nzima. Pumzi ya mtu inakuwa mbali na uso wa jirani kwa urefu wa godoro karibu lote. Kelele zake sasa!

"Mama Nesi, miguu ya shoga yangu usoni mwangu?"

"Miguu haikohoi, dada."

Wenye pumu, wenye sukari na wazee sana nawaweka karibu na mlango, na mlango huo naufungua baada ya swala ya alfajiri, jua halijawaka, na tena usiku. Hapo nalaumiwa kwamba natoa baridi ya AC nje. Nalaumiwa kwa Kiswahili na kwa Kidigo, na mara moja nililaumiwa na mama wa hema la jirani kwa lugha nisiyoijua, lakini niliielewa. Hewa iliyokwishavutwa na watu hamsini lazima itoke mahali.

Anayeanza kuumwa namwondoa katikati ya watu, anakwenda pembeni mwa hema, anavaa barakoa, na anapewa sahani yake na kikombe chake. Jambo hili linataka ulimi laini, kwa sababu mama wa Kiswahili ukimtengea sahani atadhani umemnyanyapaa. Mimi husema, "Bi mkubwa, wewe leo mgeni wetu, unahudumiwa peke yako." Wengi hucheka wakakubali.

Mikono ni habari nyingine. Tunatia udhu kila siku, tunasukutua, tunapandisha maji puani, na hilo linatusaidia. Lakini maji matupu hayatoi kila kitu. Kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, sabuni, sekunde 20, na kati ya vidole. Mwenye ihramu, yaani aliyekwisha kuingia katika ibada na miiko yake, anahitaji sabuni isiyo na manukato. Maduka ya vifaa vya Hija huuza, nunua kabla ya safari, usingoje kuitafuta Makka siku ya mwisho watu wote wanaitafuta. Pasipo na maji tunatumia kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60. Nacho kina kesi yake. Msimu mmoja bibi wa Pangani alikataa kata kata nisimtilie.

"Hii si pombe hii, mwanangu?"

"Ina spiriti, bibi. Sheikh wetu tumemuuliza, kasema kwa kusafishia mikono haina neno."

"Na ihramu yangu?"

"Katika ihramu kilichokatazwa ni manukato. Hii haina."

Akaichukua ile chupa, akainusa kwa utulivu mkubwa, akanirudishia. "Inanuka hospitali."

"Basi hayo si manukato, bibi."

Alinyoosha viganja. Tangu hapo akawa yeye ndiye anayewakumbusha wenzake, na chupa ikiisha ananisema mimi.

Barakoa nayo ina mahali pake. Sitaki kuwadanganya kwamba mtavaa barakoa kutwa kucha kwenye joto lile. Ikilowa jasho haifai tena, ibadilishe au ivue. Mimi navaa na kuwavalisha kwenye basi, kwenye lifti, kwenye foleni ya chakula, na tunapokwenda kutupa mawe Jamarati, kwenye zile nguzo tatu za Mina. Lifti za hoteli za Makka baada ya Isha ni balaa peke yake: watu wameshonana, kila mmoja anataka kupanda chumbani, mlango unafunga mara tatu haufungi kwa sababu kuna mkoba wa mtu umebaki nje. Ukiwa na barakoa moja tu kwa siku nzima, iweke kwa ajili ya lifti na basi. Nje Arafa, chini ya miti ya mwarobaini, hewa inapita, ivue upumue. (Na miti hiyo, wallahi, Mtanga akiiona mkono unamuwasha achume majani achemshe. Mwarobaini hautaiondoa influenza yako. Kaa kwenye kivuli chake, inatosha.)

Kuhusu barakoa na ihramu, kwa wanaume na kwa wanawake ambao tumekatazwa nikabu katika ihramu, wanachuoni wana maelezo yao, na wengi wameiruhusu kwa haja ya afya. Mwulizeni sheikh wenu nyumbani, mkiwa mmetulia. Msifungue mjadala wa fiqhi, wa sheria za dini, mlangoni mwa basi la kwenda Arafa.

Ndege watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Ndege kubwa za kisasa huchuja hewa yake kwa vichujio vizuri, na hewa hubadilishwa mara nyingi kwa saa. Hatari ni jirani wa kiti na watu wa safu zilizo karibu, pamoja na foleni za pasipoti mnaposimama saa nzima mkipumuliana kisogoni. Basi la Tanga hadi Dar lenye vioo vilivyofungwa linanitia hofu zaidi, nalo hakuna anayelivalia barakoa kwa sababu "bado hatujaanza safari". Kumbuka hizo siku moja hadi nne nilizozitaja. Ukiambukizwa kwenye basi la Dar, utaugua Makka.

Na kuna uchovu. Hapa nasema na watu wangu waziwazi. Mtu anafika Makka wiki mbili kabla ya Hija, anafanya umra yake, ile hija ndogo, alhamdulillahi. Kesho yake anakwenda Tan'im kwenye Msikiti wa Bibi Aisha, anahirimia umra nyingine kwa niaba ya marehemu baba, kesho kutwa ya marehemu babu, halafu usiku anazunguka madukani kutafuta kanzu za wajukuu. Anapata usingizi wa saa tatu tu. Tarehe 8 ikiingia mwili umeshakwisha, ugonjwa unamkuta hana cha kupigana nacho. Mimi si sheikh, sitamzuia mtu ibada. Namkumbusha tu kwamba Hija ndiyo aliyoijia, na Hija ni Arafa. Lala. Kanzu za watoto hata Kariakoo zipo.

Chanjo. Ya homa ya uti wa mgongo huna hiari, Saudia haikupi viza bila cheti, nayo ni ile inayokinga aina nne, A, C, W na Y, na unatakiwa uwe umechanjwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Kwa sababu ile ni lazima, watu wanadhani wamemaliza. Hiyo haikingi influenza. Chanjo ya influenza ni nyingine, na wataalamu huwahimiza mahujaji waichome, hasa wazee, wajawazito, na wenye sukari, moyo, figo, pumu au VVU. Kwetu haimo katika chanjo za kawaida za zahanati, kwa hiyo anza kuulizia mapema kwenye kliniki za wasafiri na hospitali kubwa, wala usishangae ukiambiwa urudi wiki ijayo. Mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Nayo ni ya kila mwaka, kwa sababu virusi hubadilika. Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka kuchagua aina za virusi zitakazowekwa: Februari kwa nchi za kaskazini, Septemba kwa nchi za kusini. Uliyochoma mwaka juzi imeshapitwa.

"Mama Nesi, nilichoma nikaumwa mafua siku ileile." Nasikia sana hili. Sindano hii haina virusi hai vya kukuambukiza. Mkono utauma, unaweza kupata kihoma cha siku moja, basi. Na aliyechanjwa anaweza bado kuugua, lakini kwa kawaida hauguzwi hospitali kama asiyechanjwa. Kwa mama wa miaka sabini mwenye sukari, hiyo ni tofauti kubwa.

Jambo jingine watu hawalioni: Hija inahama. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2024 ilikuwa Juni, joto likapita nyuzi 50 na watu zaidi ya 1,300 wakafariki, Mungu awarehemu. Kadiri miaka inavyokwenda inaingia Mei, kisha Aprili, na katika miaka ya 2030 itazidi kusogea kwenye baridi ya Uarabuni, ambayo ndiyo majira ya influenza kule. Jua litapungua makali, mafua yatapata nafasi. Anayeweka akiba sasa ili aende baada ya miaka minane au kumi, aweke na fedha ya chanjo.

Homa ikishampata mtu kule, nina mashaka yangu matatu na huwa sitaki kuyachanganya. La kwanza ni joto. Mwenye mwili wa moto sana aliyeanza kuongea maneno yasiyoeleweka, au anayepepesuka, huyo si wa kumpa Panadol na kumfunika. Ni dharura: kivulini, maji mwilini, feni, na kuita msaada wa afya mara moja. La pili ni influenza yenyewe: maji kwa wingi, kupumzika, Panadol kwa kipimo chake, na kwa wazee na wenye magonjwa sugu kumwona daktari siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kupunguza makali ya virusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Akihema kwa shida, akiumwa kifua, midomo ikabadilika rangi, hakuna kungoja asubuhi.

La tatu ni malaria. Sisi tunatoka Tanga. Mtu anaweza kung'atwa na mbu Muheza wiki ya kuaga ndugu, homa ikatoka akiwa Makka. Daktari wa kule anaona mahujaji maelfu wenye kikohozi, hana sababu ya kufikiria malaria usipomtajia. Nilikuwa na mama mmoja aliyetetemeka siku mbili, kila mtu akisema ni mafua ya Makka, na hakuwa anakohoa hata kidogo. Hilo ndilo lililonishtua. Nilimpeleka, nikasema kwa Kiarabu changu cha madrasa na kwa vidole kwamba tumetoka kwenye mbu, apimwe damu. Ilikuwa malaria. Alipata dawa, na Arafa alisimama akiegemea bega langu.

Vile vidonge vya rangi mbili mnavyobeba kwenye mifuko ya kanzu, mnavyogawana kama pipi, viacheni nyumbani. Antibaiotiki haiui virusi. Tangawizi na asali na limau kunyweni, vinapoza koo, mimi mwenyewe nabeba. Kujifukiza chumbani kwa maji ya birika la umeme, hapana. Nimeshafunga bendeji za mapaja yaliyoungua. Na maziwa mabichi ya ngamia yanayouzwa kandokando ya barabara msiyaguse, wala msiende kupiga picha mkimkumbatia ngamia. Kuna ugonjwa wa mapafu, MERS, uliogunduliwa Saudia mwaka 2012, na ngamia ndio wanaoubeba.

Kisha kuna kurudi, na hapa ndipo tunapowaumiza wasiosafiri. Alhaji anashuka, nyumba imejaa kuanzia barazani mpaka uani, kila mtu anataka kumkumbatia na kuombewa dua. Tende zinatoka, dumu la Zamzam linafunguliwa, na gilasi ni moja. Nimeiona gilasi hiyo ikizunguka sebule nzima, kutoka kwa alhaji anayekohoa, kwa dada zake, kwa mjukuu anayejifunza kutembea, hadi kwa mama mzazi aliye kitandani chumba cha ndani. Kila mmoja akisema bismillahi.

Mwenye influenza huendelea kuambukiza siku tano hadi saba tangu augue. Kwa hiyo nimewazoesha watu wangu: mkipokea alhaji, leteni vile vikombe vidogo vya kahawa, vingi, kila mtu chake, kikishanywewa kinakwenda beseni la sabuni. Anayemimina awe mtu wa nyumbani aliyenawa mikono, asiwe alhaji. Anayekohoa anakaa barazani penye upepo, ana barakoa, dua anaomba kwa sauti na wote tunaitikia amina kutoka tulipo. Watoto wachanga na wagonjwa wanapelekewa salamu. Wiki ikipita atawabeba atakavyo.

Na ukipata homa na kuhema kwa shida ndani ya siku 14 tangu urudi, nenda hospitali na useme mlangoni, kabla ya kuulizwa, kwamba umetoka Saudia. Vaa barakoa, nenda na cheti chako cha chanjo, na usikubali kuondoka na dawa ya malaria bila kipimo.